Shule Inaponyamaza: Yaliyonipata Nakuru, na Sheria Inavyosema Leo

Kila mwanzo wa mwaka pale Mwembe Tayari, kwenye ofisi za mabasi, utawaona wazazi wamesimama na masanduku ya bati. Mtoto ameitwa shule ya bara, Nakuru au Njoro au Molo, na ukoo mzima umechanga: godoro, ndoo, blanketi mbili kwa ajili ya baridi, kopo la visheti. Kabla basi halijaondoka mtoto hupewa nasaha zote ambazo mzazi anazijua. Swali, soma, watii walimu wako.

Mimi nilipewa nasaha hizo Februari 1998, siku chache baada ya Idi. Ile ya mwisho ndiyo iliyoniponza. Makala haya nimeyaandika kwa wazazi wale wa Mwembe Tayari, nao wenyewe wataamua la kuwasomea watoto.

Shule niliyokwenda sitaitaja. Ilikuwa ya bweni, ya wasichana, upande ambao asubuhi ukitoka bwenini unauona mlima Menengai umejifunika ukungu. Wala sitaeleza kilichotendeka ndani ya ofisi ya mwalimu yule. Watu wakisikia habari kama hizi hutaka kujua hayo kwanza, na nadhani hiyo ni sehemu ya tatizo. Inatosha kusema kwamba alikuwa mwalimu wa somo nililolipenda, kwamba ilikuwa jioni ya Julai 1999, nikiwa Kidato cha Pili na umri wa miaka 15, na kwamba aliniita nikachukue madaftari. Alinibaka. Kiswahili kina neno hilo, nami nimechukua miaka mingi kulitamka bila kuinamisha kichwa.

Ninachotaka kueleza kwa urefu ni yale yaliyofuata, kwa sababu ndiyo yanayojirudia katika shule nyingine na kwa watoto wengine, hadi leo.

Kimya kilivyopangwa

Wa kwanza kuniona alikuwa matroni. Mama mzuri, Mungu amrehemu. Alinikuta nimekaa nyuma ya bafu, akaelewa kabla sijasema kitu. Alinichotea maji ya moto kutoka jikoni, jambo ambalo mwanafunzi halipati, akaniambia, "Oga, mwanangu, na nguo hizo uzifue usiku huu huu. Usimwambie mtu mpaka niseme na mkubwa." Alifanya kwa huruma. Kwa huruma hiyo ushahidi wote ukaingia kwenye mtaro wa bafu.

Siku tatu baadaye niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kusema, lakini niliulizwa mimi. Kwa nini nilikwenda peke yangu? Kwa nini sikupiga kelele? Nyumbani Mombasa sina mvulana? Naibu wake, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa akasema kwamba watoto wa Pwani tuna mazoea mno na watu wazima, tunawachekea. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu bara, na hapo ndipo nilipojua kwamba lafudhi yangu, iliyokuwa ikiwafurahisha siku ya mashairi, inaweza kugeuzwa shahidi dhidi yangu.

Kisha wakamwita baba. Baba alikuwa karani bandarini Kilindini. Alipanda basi la usiku, akafika na kofia yake na koti la kuazima, kwa sababu hakuwa na koti. Walimkalisha kwenye kiti cha wageni wakamletea soda. Waliongea Kiingereza baina yao na Kiswahili na yeye. Wakamwita mzee. Walimwambia shule ina jina, mtoto ana maisha yake mbele, polisi wataandika kila kitu na magazeti yatachapisha, na huyo msichana nani atamwoa? Karatasi ililetwa, baba akatia sahihi. Nilipokuwa namsindikiza langoni aliniambia, "Tumeyamaliza, mamangu. Stara ni bora." Soda hakuwa ameinywa.

Sisi watu wa Pwani tuna msemo wa funika kombe mwanaharamu apite. Baba alikuwa mtu wa msemo huo, na simlaumu sana, kwani hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Lakini nimewahi kuwaza kwamba katika kombe lile kilichofunikwa nilikuwa mimi. Aliyepita ni yeye.

Alipita kwa namna hii. Muhula ulipokwisha tulikusanywa uwanjani kumuaga. Alikuwa amepata uhamisho. Mwalimu mkuu alimsifu kwa kuinua matokeo ya somo lake, akakabidhiwa saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Wanafunzi walipiga makofi. Nami nilipiga.

Ukitazama utaona hakuna mtu aliyesema uongo mkubwa. Matroni alinisitiri, mwalimu mkuu alilinda jina la shule, baba alinilinda na midomo ya watu, na aliyeidhinisha uhamisho alitia sahihi fomu ya kawaida. Kila mmoja alifanya jambo dogo ambalo angeweza kulitetea. Yalipounganishwa, mwalimu mmoja akawa amehamishiwa kwenye bweni jingine lililojaa watoto.

Sheria ya wakati ule

Nimeulizwa mara nyingi: kwa nini familia haikwenda mahakamani? Jibu moja ni aibu. Jibu la pili ni kwamba sheria yenyewe ya 1999 ilikuwa na matundu. Kanuni ya Adhabu ilihesabu unajisi wa mtoto kuwa ni wa msichana aliye chini ya miaka 14. Mwenye miaka 15 kama mimi alipaswa kuthibitisha ubakaji kama mtu mzima, na mahakama zilikuwa na mazoea ya kudai ushahidi mwingine wa kuunga mkono maneno ya mwanamke, kwa imani kwamba wanawake husingizia. Mavulana hawakuwamo kabisa katika kifungu kile cha unajisi. Ni mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo Mahakama ya Rufaa iliposema kwamba kumdai mwanamke ushahidi wa ziada kwa sababu tu ni mwanamke ni ubaguzi unaokiuka Katiba.

Na nchi ilikuwa imekwisha kuonywa. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya mseto ya Mtakatifu Kizito huko Tigania, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Kiongozi mmoja wa shule aliwaambia waandishi wa habari, kwa maana hii, kwamba wavulana hawakukusudia mabaya, walitaka kubaka tu. Nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka wanawake wa mtaani kwetu wakiyarudia maneno hayo ukumbini, na bibi yangu akisema redio izimwe.

Mabadiliko yalikuja polepole. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, iliyopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ndiyo msingi wa mambo haya sasa. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, awe wa kike au wa kiume. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake adhabu ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Kifungu cha 24 kinawataja walimu wakuu, walimu na wafanyakazi wa shule waziwazi: anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi hafungwi chini ya miaka 10. Kwa hiyo ile hadithi ya kwamba "walikuwa wakipendana" haimsaidii mwalimu. Nayo Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kesi hizi kwa maneno ya mwathiriwa peke yake, iwapo hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake.

Sheria hiyo ya 2006 ilikuwa na mwiba mmoja. Kifungu cha 38 kilitishia kumpa mlalamishi aliyeonekana kusema uongo adhabu ile ile ambayo angepewa mshtakiwa. Hebu fikiria msichana wa miaka 16 akielezwa hilo na naibu wa mwalimu mkuu. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2012.

Mwezi wa Aprili 2010, Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilitoa waraka nambari 3 wa mwaka huo kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alikariri. Mwalimu yeyote anayejua, au hata anayeshuku kwa sababu za msingi, kwamba mwenzake amemdhulumu mwanafunzi, anatakiwa aripoti ndani ya saa 24. Akinyamaza au akificha, yeye naye anachukuliwa hatua za nidhamu. Mwaka huo huo tume ilisema walimu zaidi ya 1,000 walikuwa wamefutwa kazi katika muda wa miaka miwili kwa kuwadhulumu wanafunzi wa kike. Wengine walisoma habari hiyo wakasema, alhamdulillahi, wameondolewa. Mimi nilijiuliza kila mmoja wao alikuwa amepitia shule ngapi kabla ya hapo.

Nililiuliza kwa sababu ya mambo yangu mwenyewe. Mwaka 2013, kwenye arusi ya Kisauni, niliketishwa karibu na mwanamke aliyeolewa Pwani ila kwao ni bondeni. Tukaanza zile habari za shule gani, mwaka gani. Alisoma shule iliyo mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwetu, alikuwa nyuma yangu miaka miwili. Alipotaja somo lake nilinyamaza. Aliitaja saa ya ukutani kwanza, akisema ilitundikwa nyumbani kwa mwalimu huyo na kwamba alikuwa akiitazama ili asitazame kitu kingine. Kisha akataja jina, kabla sijalitaja mimi. Ngoma ilikuwa inapigwa. Tulishikana mikono chini ya meza mpaka pilau ikaja.

Kesi iliyotoka Nakuru

Miaka miwili baada ya arusi ile, Mei 19, 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi alitoa hukumu ambayo kila mzazi wa Kenya alistahili kusomewa. Waliofungua kesi walikuwa wasichana wawili wa shule moja ya msingi ya umma huko Nakuru, wanaotajwa kwa herufi tu, W.J. na L.N., wakisaidiwa na shirika la kutetea watoto la CRADLE. Walisema walinajisiwa na naibu wa mwalimu mkuu wao. Mwalimu huyo alikuwa ameshtakiwa katika kesi ya jinai na kuachiliwa. TSC kwa upande wake ilikuwa imemwondoa kazini. Katika hali hiyo familia nyingi hudhani mambo yamekwisha.

Wasichana hawa hawakukubali. Walikwenda na hoja ya Katiba: haki yao ya heshima, ya afya, ya elimu na ya kulindwa dhidi ya ukatili imevunjwa, na aliyeivunja si mwalimu peke yake. TSC ilijitetea kwamba mwalimu alitenda kwa utashi wake mwenyewe, nje ya kazi aliyoajiriwa, kwa hiyo mwajiri hahusiki. Jaji alikataa. Alieleza kwamba walimu wamekabidhiwa watoto kwa amana, na kwamba aliyemweka mwalimu mbele ya mtoto na kumpa mamlaka juu yake hawezi kunawa mikono mamlaka hayo yanapotumiwa kumdhuru mtoto. Kuachiliwa katika kesi ya jinai hakukuwa kizuizi, kwa kuwa kipimo cha ushahidi huko ni tofauti. Akasema wazi kwamba haikubaliki tena kuwahamisha wanyanyasaji wa watoto kutoka shule moja hadi nyingine, na kwamba hata kumfuta mtu kazi hakutoshi iwapo hakuna utaratibu wa kuzuia mtu kama huyo asiwafikie watoto tangu mwanzo.

Mwalimu, TSC na Serikali waliamriwa kuwalipa wasichana hao fidia, shilingi milioni 2 kwa W.J. na milioni 3 kwa L.N. TSC ilikata rufani. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitupa.

Sijui kama ninyi mnaosoma mnaona uzito wa jambo hili kama ninavyouona mimi. Watoto wawili wa shule ya msingi walifanya uhamisho, ile fomu ya kawaida yenye muhuri, uwe jambo la kujibiwa mahakamani. Kabla yao, Mei 27, 2013, wasichana wa Meru walikuwa wameshinda kesi dhidi ya polisi waliopuuza malalamiko yao ya kunajisiwa, mahakama ikasema uzembe huo wa polisi wenyewe ni uvunjaji wa haki. Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja unapata kitu ambacho baba yangu hakuwa nacho katika kile kiti cha wageni. Anayenyamaza ana deni, na deni hilo linaweza kudaiwa.

Mwaka 2016 nilichapisha hukumu ya Nakuru, nikaitia kwenye mkoba, nikapanda basi. Shule yangu ilikuwa na mwalimu mkuu mwingine, mwanamke wa rika langu, aliyenipokea vizuri na kunisikiliza bila kunikatiza. Nilimwomba kitabu cha kumbukumbu za shule cha Julai 1999. Alikitafuta yeye mwenyewe stoo, akarudi na vumbi kwenye mikono. Wiki ile imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Maharage magunia manane yalipokewa. Pampu ya maji iliharibika Jumatano. Timu ya voliboli ilishinda. Kuhusu mimi, hakuna. Karatasi aliyoitia sahihi baba haikuwamo kwenye faili langu. Uhamisho wa mwalimu ulikuwapo, na mbele yake maneno "kwa maombi yake mwenyewe".

Kutoka hapo nilikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, miaka 17 baada ya tukio. Makosa haya katika Kenya hayafi kwa sababu ya muda, na mwenzangu wa Kisauni aliandikisha ya kwake pia. Upelelezi ulikuwa unaendelea mwalimu alipofariki, mwaka 2018, akiwa mstaafu. Faili lilifungwa. Ninayo nambari ya kitabu cha matukio, nimeiweka pamoja na cheti changu cha kuzaliwa.

La kufanya, na la kutofanya

Yafuatayo ni kwa mzazi au mlezi ambaye amepigiwa simu usiku, au ambaye mtoto amerudi likizo na kuanza kusema.

Mpeleke hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa ndani ya saa 120. Asioge, asifue, asibadilishe nguo ikiwezekana. Akibadilisha, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Namkumbuka matroni wangu na maji yake ya moto kila ninapolisema hili. Hospitali za umma hazipaswi kutoza mwathiriwa, kifungu cha 35 cha sheria ya 2006 kimeweka gharama hizo juu ya Serikali. Daktari atajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, wao huiita PRC; hakikisha imejazwa na upewe nakala. Kwa walio Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo maalumu cha waathiriwa tangu 2007, na wahudumu wake wamezoea watoto.

Saa 72 zikiwa zimepita, nenda vilevile. Kuna matibabu mengine, kuna ushauri nasaha, na kuna maandishi ya daktari.

Polisi: omba dawati la jinsia, hakikisha taarifa imeingia kwenye kitabu cha matukio na uandike nambari yake. Fomu ya P3 ni bure. Ukiambiwa uje kesho, uliza jina la anayekuambia. Kwa simu, 116 ni ya watoto na 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, zote bila malipo.

Kisha ofisi ya TSC ya kaunti, kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri. Hapa wazazi wengi hukosea kwa adabu: wanaanza na mwalimu mkuu, wanangoja bodi ikutane, wanangoja bodi ijibu. Mwalimu mkuu aarifiwe, naam, lakini asiwe mlango pekee. Yeye naye anahesabiwa zile saa 24.

Wala msimalizane. Nimeketi kwenye vikao viwili vya wazee mtaani kwetu, na kimoja cha ndugu wa mke wangu wa kaka, ambapo kiasi cha pesa kilikuwa kimeshatajwa kabla mtoto hajaonwa na daktari. Kifungu cha 40 kimeondoa uwezo huo mikononi mwa familia na wazee. Kusitisha upelelezi au mashtaka ni uamuzi wa Serikali, nao tangu Katiba ya 2010 uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzazi anayepokea pesa hajaifunga kesi, amejiongezea yake. Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya bara. Chuoni, madrasani, nyumbani kwa mwalimu wa tuisheni, kombe linafunikwa hapa hapa Pwani kila siku, tena kwa ustadi kuliko kule.

Jambo jingine, mavulana. Huko huko Nakuru, katika mji wa Gilgil, Mwingereza Simon Harris aliendesha shirika la hisani lililoleta vijana wa kujitolea kufundisha, huku akiwadhulumu watoto wa mitaani wa kiume. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham, Uingereza, ilimfunga miaka 17 na miezi 4. Katika kesi hiyo hiyo alikiri kuwadhulumu wanafunzi wa shule ya bweni ya Devon aliyofundisha miaka ya 1980. Alitoka shule ya kwao, akafika Gilgil na jina la mfadhili. Watoto wa mitaani walipokuwa wakisema, nani angewaamini? Mvulana wa Pwani anayerudi likizo akiwa amebadilika, haswali na wenzake, hataki kurudi shule, anaambiwa ajikaze awe mwanamume. Muulizeni. Ngojeni jibu hata likichukua wiki.

Na mtoto akisema, maneno ya kwanza anayoyasikia ndiyo atakayoyabeba. Mimi niliyoyasikia ni "oga", "kwa nini" na "tumeyamaliza". Ningetosheka na "nakuamini".

Baba alifariki 2009, hatujawahi kulizungumza tena. Mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiamka usiku na kukaa barazani, na kwamba soda, tangu safari ile, hakuinunua tena.

Januari 2020 nilimpeleka mpwa wangu Kidato cha Kwanza, shule nyingine, bonde lile lile. Kaka yangu hakutaka, nikamwambia nitakwenda naye mimi. Tulipomaliza karo na orodha ya vitu nilimwomba mwalimu mkuu anionyeshe waraka wa TSC nambari 3 wa 2010. Alinitazama kidogo. Akafungua mtoto wa meza, akaufunga, akafungua kabati, akampigia naibu wake. Ulikuwa umebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha walimu, chini ya ratiba ya zamu, kona moja imechanika. Niliomba mpwa wangu ausome. Aliusoma amesimama, na ndoo mkononi, akisogeza midomo.

"Shangazi," akauliza, "hizi saa 24 zinaanza kuhesabiwa lini?"

Nilimgeukia mwalimu mkuu, nikamwachia yeye ajibu.

"Tangu mtu anapojua," akasema. "Au anaposhuku."

Mpwa wangu akaitikia kwa kichwa, na tukatoka kwenda kutafuta kitanda chake.